Kimya cha Mfanyakazi Kilipohesabiwa Kuwa Kura ya Hapana

Kila ninapofundisha sheria za kazi za Marekani, huulizwa kwa nini wanasiasa wa huko walipambana vikali hivyo, mwaka 2010 na 2011, juu ya namna ya kuhesabu kura ambazo wafanyakazi wa reli na ndege hupiga kuamua kama wawakilishwe na chama cha wafanyakazi. Huanza kuwajibu kwa karatasi ya kura yenyewe.

Chini ya sheria ya kazi za reli ya mwaka 1926, ambayo mwaka 1936 ilipanuliwa ili ihusu pia mashirika ya ndege, karatasi hiyo haikuwa na mahali pa kukataa chama. Asiyekitaka alikaa kimya, na chama kilihitaji kura za zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote waliostahili, hivyo mgonjwa, aliye likizo na asiyejali wote walihesabiwa kuwa wapinzani. Mwaka 2008 wahudumu wa ndege zaidi ya 5,000 wa shirika la Delta walikipigia chama kura, lakini kwa kuwa walikuwa takribani asilimia 40 tu, chama kikashindwa.

Mei 2010 Bodi ya Taifa ya Usuluhishi, chombo cha serikali kinachosimamia chaguzi hizo, kwa kura mbili dhidi ya moja, iliamua kwamba kuanzia hapo zitahesabiwa kura zilizopigwa tu. Seneta Johnny Isakson wa Georgia, jimbo lenye makao makuu ya Delta, alipeleka hoja ya kuifuta kanuni hiyo, nayo ikaangushwa kwa kura 56 dhidi ya 43. Wanasiasa walioipinga kanuni hiyo walisema mgomo wa ndege huumiza nchi nzima, kwa hiyo chama kiungwe mkono na wengi wa kweli. Hoja hiyo sikuiafiki, maana wao wenyewe walichaguliwa kwa kura zilizopigwa. Lakini waliposema kwamba hapakuwa na utaratibu wa wazi wa wafanyakazi kukiondoa chama kilichokwisha kuingia, walikuwa na haki.

Baraza la Wawakilishi, chini ya Warepublican, liliingiza ufutaji huo katika muswada wa usafiri wa anga, na Ikulu ikatishia kuukataa. Mvutano uliisha Februari 2012 kwa maridhiano: kanuni ya kuhesabu ilibaki, ila saini zinazohitajika ili uchaguzi uitishwe zikapandishwa kutoka asilimia 35 ya wafanyakazi hadi 50. Huko Delta, chini ya kanuni mpya, wahudumu walikuwa wamekwisha kupiga kura mwishoni mwa 2010, na chama kikashindwa tena, safari hii kwa kura 328.