Zuhura inaizidi Zebaki kwa joto

Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, jioni akina mama wanapoanua dagaa, kuna miezi sayari ya Zuhura hung'aa juu ya ziwa, upande wa machweo. Wengi tumekua tukiamini kwamba sayari iliyo karibu zaidi na Jua ndiyo yenye joto kuliko zote. Sivyo.

Zebaki ndiyo ya kwanza, kilomita milioni 58 hivi kutoka kwenye Jua. Mchana hufikia nyuzi 430 za Selsiasi, usiku hushuka hadi 180 chini ya sifuri, maana haina hewa ya kushikilia joto. Zuhura iko kilomita milioni 108, na bado ina nyuzi 465 hivi, usiku na mchana! Hewa yake nzito, asilimia 96 kabonidayoksaidi, hupitisha mwanga kidogo tu, ila joto hulibana lisitoke. Ingiza mkono chini ya turubai lililofunika dagaa juani, utanielewa.

Ukaribu nao huunguza, sikatai. Sayari 51 Pegasi b, iliyogunduliwa 1995, iko karibu mno na nyota yake, ambayo si Jua letu, huizunguka kwa siku 4 hivi, na ni tanuri. Lakini hata huko, hewa ndiyo inayoamua joto lisambae vipi.