Moyo Unaojificha Boti Ikifika: Simu na Mapigo Yasiyo na Mpango

"Mgeni huyu, bwana daktari, huja usiku," aliniambia mama mmoja wa Kizingitini, kisiwani Pate, kiganja chake kikiwa kifuani. Moyo ulimwenda mbio, ukaruka, ukakosa pigo, ukarudi. Alfajiri ukatulia kama hakuna lililotokea. Asubuhi akasubiri boti, boti nayo ikasubiri maji yajae ipate kupita mkondo wa Mkanda, na alipofika Lamu tukamlaza, tukamfunga nyaya za kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka safi. Akarudi kwao na panadoli na maneno kwamba ni wasiwasi tu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alikuja na mwanawe, na mwana akaja na simu.

Ndani ya simu ile mlikuwa na mchoro wa sekunde 30 uliochukuliwa saa nane usiku, mama akiwa kitandani pake. Haukuwa wasiwasi.

Kipimo cha kawaida cha hospitali hunasa takriban sekunde 10 za maisha ya moyo. Ugonjwa ukiwa wa kudumu, sekunde hizo zinatosha. Lakini huu tunaouzungumzia hapa, fibrilesheni ya atria, yaani mtetemeko wa vyumba vya juu vya moyo, kwa wengi huanza kwa kuja na kwenda, na mwenye kukaa mbali na mashine hufika ukiwa umeshakwenda. Kwa watu wa visiwa hiyo ndiyo sababu ya kuizungumza simu. Ni kweli haimshindi daktari, lakini iko kando ya mto wa kulalia saa nane za usiku, na daktari hayuko.

Moyo mzima una mwanzilishi mmoja wa mdundo: fungu dogo la chembe katika chumba cha juu cha kulia, linalotoa cheche ya umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Vyumba vya juu hujikamua, kisha vya chini. Katika fibrilesheni ya atria cheche huzuka ovyo katika vyumba vya juu, zaidi ya 300 kwa dakika, na vyumba hivyo havijikamui tena, hutetemeka tu. Baadhi ya cheche hupenya kwenda chini bila mpango wowote. Aliyehudhuria Maulidi ya Lamu anajua matwari yanavyosikizana. Sasa chukua matwari hayohayo na kila mpigaji aanze anapotaka. Ndivyo mshipa wa mkono unavyokwenda: pigo, pigo-pigo, kimya, pigo.

Mbio zenyewe sizo hatari kubwa zaidi; hatari ni damu kuganda. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, hasa katika kifuko kidogo kilicho pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Mwenye mdundo huu yumo katika hatari ya kiharusi takriban mara 5 kuliko asiyekuwa nao. Mitaani kwetu mtu akiamka mdomo umekwenda upande, wapo watakaosema amepigwa na upepo, na siku ya kwanza ikaishia kwenye kombe na kufukizwa. Simkatazi mtu dua. Lakini dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha ya CT, na sote tunajua saa 4 na nusu ni kitu gani kwa mtu aliyeko Kiunga, mbali huko kaskazini. Kwetu sisi kuuona mdundo mapema kuna thamani kuliko kwa mtu anayeishi mtaa wa pili kutoka hospitali kuu.

Simu huusikiliza moyo kwa njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mwanga. Unaweka ncha ya kidole juu ya kamera na tochi yake kwa dakika moja. Kila pigo huleta damu kidoleni, damu hunywa mwanga, na kamera huona mwanga ukipungua na kuongezeka. Programu hupima muda kati ya pigo na pigo. Mianya ikiwa haina utaratibu wowote, inatoa onyo. Saa nyingi za mkononi hutumia ujanja huuhuu kwa taa ya kijani. Njia ya pili ni umeme wenyewe: kibao kidogo chenye vyuma viwili, unashika kila chuma kwa kidole cha mkono wake, na mchoro unatokea kwenye skrini. Cha mama wa Kizingitini kilikuwa cha aina hii. Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya kipimo cha umeme wa moyo, aliwatumbukiza wagonjwa wake mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi ili kupata mchoro kama huo. Kibao cha kuunganishwa na simu, cha kampuni ya AliveCor, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2012.

Tofauti ya njia hizi ni kubwa kwetu sisi tunaoisoma michoro. Mwanga hutuambia mapigo hayana mpango, hautuambii kwa nini. Mchoro wa umeme wa sekunde 30, akiusoma mtu mwenye ujuzi, unaweza kuthibitisha ugonjwa. Kwa hiyo onyo la kamera ni mtu aliyebisha hodi. Bado hujamjua ni nani.

Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Stanford kwa saa za Apple, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watu zaidi ya 419,000. Walioonywa walikuwa kiasi cha 0.5 kwa mia. Waliopata onyo walitumiwa kifaa cha kubandika kifuani, nacho kiliwafikia takriban wiki mbili baadaye. Kati ya waliokirudisha, 34 kwa mia ndio waliokutwa na fibrilesheni. Wapo walioshangilia wakasema saa inadanganya. Mimi namkumbuka mama na boti yake: wiki mbili ni muda mrefu kwa mgeni asiyekaa. Onyo lilipotoka huku kifaa cha kifuani kikiwa tayari kimebandikwa, vyote viwili viliafikiana mara 84 kwa mia.

Hata hivyo sikutumi dukani. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2021, uliowawekea wazee wa miaka 70 hadi 90 kifaa cha kusikiliza chini ya ngozi, uligundua ugonjwa huu mara 3 zaidi, lakini kiharusi hakikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Kumtafuta kila mtu mwenye mdundo mbovu, hata asiyehisi lolote, bado kuna mjadala. Anayepaswa kupima ni mwenye dalili, mwenye presha, mwenye sukari, aliyewahi kupata kiharusi, na aliyevuka miaka 65. Tena aanze na kipimo kisichotaka chaji: vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba cha mkono wa pili, kwa dakika nzima. Usitumie gumba, lina mshipa wake. Baadhi ya mashine za presha zilizomo majumbani nazo huonyesha alama ndogo ya moyo mapigo yasipokwenda sawa. Watu huitazama namba, alama wakaiacha.

Ukipima kwa kamera, keti. Usipime ndani ya boti yenye injini wala juu ya punda. Mtikisiko huonekana kama moyo. Kidole kisiwe cha baridi, wala usikibonyeze mpaka damu ikimbie. Na mabibi harusi wetu wajue: piko nyeusi kwenye ncha za vidole inaweza kuzuia mwanga, basi tafuteni kidole kisichopakwa. Nimemwona binti siku ya tatu ya harusi yake akilia kwa sababu simu imemwambia haimwoni moyo. Programu za bure zinazohesabu tu mapigo, bila idhini ya mamlaka yoyote ya vifaa vya tiba, ziacheni kwa wachezaji mpira.

Onyo likitoka, rudia baada ya dakika 5 ukiwa umetulia. Likirudi, hifadhi mchoro au piga picha ya skrini, andika saa na ulichohisi, kisha nenda kituo cha afya siku zinazofuata. Ukiwa na maumivu ya kifua, umezimia, unahema ukiwa umekaa, au mdomo na mkono vimelegea, usirudie kupima chochote, ondoka uende hospitali. Na simu ikikaa kimya usijihesabu mzima: imeusikia moyo wako dakika moja tu.

Kuna jambo moja ambalo simu hizi hazikuliwaza, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya wazee wa nchi tajiri. Kwetu fibrilesheni huwakuta pia vijana, hasa wanawake, ambao vali zao, vile vilango vya ndani ya moyo, ziliharibika utotoni baada ya homa ya baridi yabisi, iliyoanza kama koo kuuma ambako hakukutibiwa. Hawa wana hatari kubwa zaidi ya damu kuganda. Utafiti wa nchi 24 uliotoka mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa namna hii, ulionyesha kwamba dawa ya zamani ya kuzuia damu isigande, wafarini na jamaa zake, iliwalinda vizuri kuliko dawa mpya ya rivaroxaban. Wafarini inataka kupimwa damu mara kwa mara, na mboga za majani, mchicha na sukuma, ziliwe kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Mwanamke anayeitumia na anayetarajia kushika mimba aseme mapema, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asprini ndogo ya kununua kwa kemia haishiki nafasi yake, ingawa ndiyo ninayoikuta mifukoni mwa wengi.

Mama wa Kizingitini tulimpima moyo kwa mawimbi ya sauti tukaikuta vali imebana. Hata bila simu huenda tungeigundua siku moja, kama angeendelea kuja. Mwanawe sasa humpima kila anapohisi mgeni amefika, na hutuma mchoro kabla ya kuulizia boti. Ninaomba kitu kimoja tu kwa wenye kuja na simu zao kwenye kliniki: njooni na chaji. Mara mbili nimeletewa ushahidi wote wa ugonjwa ndani ya simu iliyozimika, na umeme siku hiyo umekatika.