Kwa nini jani la muwa mgonjwa huwa na sukari nyingi kuliko la muwa wenye afya?

Muwa ukigeuka manjano, jibu la haraka ni kwamba shamba lina njaa ya mbolea. Jibu hilo si la kipuuzi, maana ukosefu wa naitrojeni kweli hupausha majani. Lakini tazama manjano yameanzia wapi. Naitrojeni ikipungua, majani makuukuu ya chini ndiyo hutangulia, na jani zima hufifia. Katika ugonjwa wa manjano ya miwa, unaoletwa na virusi vinavyoitwa kwa kifupi SCYLV, dalili hujitokeza juu, hasa kwenye jani la tatu hadi la sita ukihesabu kutoka kileleni. Ligeuze jani hilo: mshipa wa kati umekuwa manjano upande wa chini, ilhali pembeni kote bado ni kijani. Katika aina fulani za miwa, mshipa huo huwa na wekundu. Ukipimwa utamu, mara nyingi hukutwa na sukari nyingi kuliko mshipa wa jani lenye afya. Jani hilo halina njaa hata kidogo. Limevimbiwa.

Hata hivyo, rangi peke yake si ushahidi. Ukame na baridi vinaweza kuleta manjano ya namna hiyo, na ipo miwa iliyojaa virusi isiyoonyesha dalili yoyote. Uthibitisho hutoka maabara.

Ugonjwa huu ulianza kuzungumzwa Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1980. Muda mfupi baadaye, katika jimbo la São Paulo nchini Brazili, aina ya muwa iitwayo SP71-6163 ilipoteza hadi nusu ya mavuno.

Sasa, sukari inakwamaje? Hutengenezwa kwenye jani kwa nguvu ya jua, kisha husafiri hadi kwenye shina kupitia mirija myembamba ya floemu. Sukari ikiingizwa humo, maji huifuata, shinikizo hupanda, na utomvu husukumwa kuteremka. Virusi hivi huishi ndani ya floemu, na karibu hapo tu. Huletwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hasa aina ya Melanaphis sacchari, ambao mdomo wao hupenya moja kwa moja hadi kwenye mirija hiyo. (Ndiyo maana panga la kukatia miwa halivisambazi, ingawa husambaza magonjwa mengine ya miwa.)

Fikiria kiwanda cha sukari ambacho barabara yake imeharibika. Mitambo iko sawa na malighafi ipo, ila malori hayatoki. Magunia hujaa ghalani, kisha koridoni, mwisho meneja huamuru uzalishaji upunguzwe. Jani nalo hufanya hivyohivyo: sukari ikirundikana, nyingine hugeuzwa wanga na kuwekwa akiba, na seli hupokea ishara ya kupunguza usanisinuru, yaani ile kazi ya kutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, hupungua, na manjano hutokeza. Kwa hiyo rangi ile ambayo wengi huiona kuwa chanzo cha udhaifu huenda kwa sehemu kubwa ni matokeo ya mrundikano. Nasema huenda, kwa sababu watafiti bado wanajadili kama virusi huziba mirija yenyewe au huvuruga kazi ya kuipakia sukari ndani yake.

Huku chini, shina hukosa mgao wake. Pingili za juu hubaki fupi, majani hubanana kileleni kama upepeo wa mkono, na mara nyingi hasara huonekana zaidi kwenye uzito wa miwa kuliko kwenye utamu wa maji yake.

Kwa kuwa muwa hupandwa kwa vipande vya shina, virusi huhamia shamba jipya pamoja na mbegu. Kuvitumbukiza vipande kwenye maji ya moto, dawa ya zamani dhidi ya magonjwa kadhaa ya miwa, hakuondoi virusi hivi. Kinachofaulu ni kukuza mche maabara kutoka kwenye ncha changa kabisa ya kichipukizi, mahali ambapo floemu bado haijajengeka.