Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za mawe Lamu ni vyembamba?

Ukitafuta chumba na sebule cha kupanga Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, kuna jambo utaligundua kabla hata ya kuuliza kodi. Chumba ni kirefu na dari iko juu, lakini toka ukuta hadi ukuta ni kama mita mbili na nusu, mara chache tatu. Ukiingiza kitanda cha futi sita kwa sita, inabaki njia ya mtu mmoja asiye na mzigo.

Wapangaji wengi huwa na jibu tayari: mwenye nyumba ameukata ukumbi mkubwa ili atoze kodi mara mbili. Huenda kweli kakata, ila hakukata upana. Inua macho utazame dari. Boriti, yaani ile miti ya mikoko, zimelazwa kukingama chumba, ncha zote mbili zikiwa zimezikwa kwenye kuta nene. Kuta hizo ndizo zinazoibeba nyumba, na zimekuwepo tangu siku ya ujenzi. Ukuta wa kugawia huwa mwembamba na hufuata uelekeo wa boriti, kwa hiyo hupunguza urefu tu. Wakati mwingine hujiumbua wenyewe, maana utakuta safu ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, imekatwa katikati, nusu kwako, nusu kwa jirani. Ufupi wa chumba mlaumu mwenye nyumba. Wembamba ni wa fundi.

Wengine husema ardhi ilikuwa haba. Mbona basi nyumba hizohizo zina kiwanda, yaani ua wa wazi ndani yake? Tajiri aliyetaka nafasi zaidi aliongeza safu nyingine ya chumba nyuma ya ile ya kwanza, msana (ukumbi mrefu) baada ya msana hadi ndani kabisa, na kila safu ilikuwa na upana uleule.

Kilichomzuia fundi ni boriti, na hapa pia watu hukosea kidogo kwa kudhani mti wenyewe ni mfupi. Mkoko ukiachwa ukue hupita mita 10. Tatizo ni kupinda. Fikiria ubao wa kushukia chomboni. Ukiwa mfupi, mchukuzi hupita na gunia begani bila wasiwasi. Chukua ubao wa unene uleule, urefu mara mbili, uupange magunia mwanzo hadi mwisho: mzigo umeongezeka maradufu, na nao sasa uko mbali zaidi na mahali ubao ulipoegemea. Nguvu ya kuuvunja inakuwa mara nne. Kubonyea ndiko kunakotisha, kwani kunafika mara kumi na sita.

Na dari ya Lamu ina mzigo kwelikweli. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha hushindiliwa kokoto na chokaa. Sakafu ya namna hiyo yenye unene wa robo mita ina uzito wa karibu nusu tani kwa kila mita ya mraba, kabla hujaweka kabati. Boriti yenyewe ina unene wa sentimita 11 hadi 13 hivi. Miti minene zaidi ipo, nayo huitwa nguzo, lakini jaribu kupandisha kadhaa hadi ghorofa ya pili kupitia vichochoro vile.

Utasikia pia kwamba wembamba ni wa kuleta ubaridi. Ubaridi upo, ila sifa hiyo ningewapa zaidi kuta nene, dari ya juu na kiwanda.

Cha ajabu ni kwamba kipimo hiki kilisafiri. Majahazi yalipeleka boriti za pwani hii Uarabuni na Ghuba ya Uajemi hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982, na nyumba za zamani za huko nazo zina vyumba vyembamba.

Mitaa mipya kama Wiyoni hujengwa kwa zege na nondo, kwa hiyo upana ni hiari ya mfuko. Mkomani, pima kabla ya kulipa dipositi, na ukilaze kitanda mwisho wa chumba, kama walivyofanya wenyeji wa zamani waliokificha nyuma ya pazia. Ukionyeshwa chumba cha mita nne ndani ya nyumba ya mawe, tafuta mhimili mkubwa wa mbao uliopita katikati ya dari au zege iliyomwagwa juzi. Usipoona hata kimoja, uliza nani anaishi ghorofa ya juu, na ana samani gani.