Mtembezaji wa Istanbul: uliza kwanza nani anamlipa

Kabla sijaanza kuwapangia watu safari za Uturuki nilikuwa mtembeza wageni Mji Mkongwe, kwa hiyo mambo ya cha juu nayajua kwa ndani. Mgeni akinunua kitu kwenye duka nililompeleka, jioni narudi peke yangu kuchukua changu. Uongo sikusema, ila njia zetu zilikuwa na kona nyingi kuliko zinazohitajika.

Istanbul ni yale yale, bidhaa tu ndiyo mazulia. Safari yangu ya kwanza kijana mmoja alinidaka pale Sultanahmet, mtaa wa kale wa watalii, kwa salamu ya Kiislamu na tabasamu. Hataki hata senti, anataka tu kuzoeza Kiingereza chake. Papasi mtupu, mwinda wageni wa mitaani! Baada ya robo saa nimekaa dukani, chai ya tufaha mkononi, zulia la saba linakunjuliwa miguuni pangu. Mimi, niliyeifanya kazi ile ile miaka, nimeingia kwa miguu yangu.

Sasa, Uturuki kutembeza wageni ni kazi ya leseni, na sheria yake ni ya mwaka 2012. Mwenye leseni huvaa kitambulisho chenye picha shingoni, na leseni hutolewa kwa lugha: aliyepewa ya Kijerumani hajapewa ya Kiarabu. Halafu kuna jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui. Kila mwaka wizara ya utamaduni na utalii hutangaza kima cha chini cha malipo ya mtembezaji kwa siku. Kwa hiyo mtu akikutajia bei iliyo chini kabisa ya hapo, usishangilie. Tofauti ataifidia mahali, na mahali penyewe pana mazulia.

Mapokezi ya hoteli siwaulizi, maana nao mara nyingi wana chao. Namtafuta mtembezaji mwenyewe kwa jina, kupitia watu waliotembea naye, naomba picha ya kitambulisho, kisha namtupia mtego mdogo: "Jumanne tunaweza kuanza na Topkapi?" Jumba lile la masultani wa zamani hufungwa Jumanne. Anayejibu "hakuna shida" nimeshamalizana naye. Jumapili ni zamu ya Soko Kuu la kale, nalo hufungwa, ingawa hapo kufungwa ni neema.

Jingine ni kumweleza unataka nini hasa. Hagia Sophia ilijengwa kanisa, ikamalizika mwaka 537, ikawa msikiti 1453, makumbusho miaka ya 1930, na msikiti tena 2020. Tangu Januari 2024 mgeni wa kutazama hulipa yuro 25 na kupandishwa roshani ya juu. Aliyekuja kuswali ana habari nyingine. Wazee wangu wa Pemba na Tanga mara nyingi hawana haja na michoro ya dhahabu. Wanataka Eyüp, kwenye kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari, na Topkapi wanataka chumba cha joho la Mtume, kinachosomwa Qur'ani. Mtembezaji asiyeambiwa hivyo atawamalizia asubuhi kwenye vyombo vya jikoni vya masultani.

Gari msikodi kwa ajili ya Sultanahmet, kila kitu ni mwendo wa miguu. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaolala mtaa wa Laleli wapande tramu ya T1, vituo vitatu tu.

Tukishaelewana, namwandikia ujumbe mmoja: saa ya kukutana, saa ya kuachana, malipo kamili, tiketi ni juu ya nani, na sentensi ya mwisho, "Hatuingii duka lolote." Wengi hujibu sawa. Wiki iliyopita mmoja alijibu, "Sawa dada, duka moja tu, chai tu." Nikamtumia mwingine ujumbe ule ule.