Ebola: mhudumu wa afya huambukizwa wapi hasa?

“Wanaoambukizwa ni wale wa kituo cha Ebola.”
Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470, na 171 kati yao ni wahudumu wa afya. Wengi hawakuambukizwa kwenye vituo vya matibabu ya Ebola bali kwenye zahanati na hospitali za kawaida. Mgonjwa anafika na homa, kichwa na uchovu, anatibiwa malaria, anatundikiwa dripu kwa mikono mitupu. Malaria ikionekana kwenye kipimo, Ebola haijaondoka mezani; mtu huweza kuwa na zote mbili. Hata kipimo cha Ebola kikichukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze, majibu hasi hayatoshi: kirudiwe.

“Mhudumu akishavaa vazi la kinga amesalimika.”
Hatari kubwa ipo wakati wa kulivua. Baada ya saa moja hivi ndani ya joto lile, jasho limejaa butini, miwani ina ukungu, na mkono unataka kupangusa uso. Ndiyo maana havui peke yake: mwenzake husimama mbele yake na kumtajia kila hatua. Aproni kwanza. Ovaroli huviringishwa kuanzia mabegani kwenda chini, upande wa nje ukifichwa ndani, bila kukung’utwa. Miwani na barakoa hushikwa kwa kamba za nyuma, macho yamefumbwa. Glavu za ndani hutoka mwisho, na mikono huoshwa kila kipande kinapotoka. Akiharakishwa hapa, yote aliyojikinga huko ndani yamepotea bure.

“Klorini kali ndiyo nzuri.”
Klorini, dawa ya kuua virusi, ya kunawa mikono ni asilimia 0.05, ya sakafu na vifaa ni 0.5. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70, ndoo ya lita 20 huchukua takriban gramu 14 kwa mikono, 140 kwa sakafu. Ikizidi, ngozi huchanika na kuvifungulia virusi mlango. Ichanganywe upya kila siku. Damu na matapishi huimaliza nguvu, kwa hiyo yaondolewe kwanza.

“Amechanjwa, aingie wodini leo.”
Ervebo, chanjo ya Ebola, huhitaji siku 10 hivi ili ianze kukinga, tena hukinga Ebola ya aina ya Zaire pekee. Uganda mwaka 2022 ilipigwa na aina ya Sudan, wahudumu wakaingia wodini bila chanjo yoyote iliyoidhinishwa.