ADHD kazini: "Si nilikwambia jana?"

Bosi ananiagiza mambo matatu, nikifika mezani nimebaki na moja. Ni uzembe?

Huenda si uzembe. ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu, ni hali ya ubongo inayoanzia utotoni, na wengi huendelea nayo ukubwani. Moja ya mambo inayoyadhoofisha ni uwezo wa kushika maneno kichwani huku unafanya jambo jingine. Umemsikia bosi vizuri, ila kwenye korido mtu amekusalimia, simu imeita, na maagizo mawili yameyeyuka. Kujikaza usikilize zaidi hakusaidii sana. Yarudie palepale: "Sawa bosi, naanza na ripoti, kisha nampigia mteja, na fundi aje Alhamisi. Ripoti unaitaka leo?" Halafu andika kabla hujatoka mlangoni. Anayeuliza leo haudhi kama anayeuliza kesho.

Nakatiza watu kwenye vikao.

Unahisi wazo usipolisema sasa litapotea, na kweli mara nyingi hupotea. Andika neno moja tu la kukukumbusha, kisha subiri zamu yako. Ukishamkatiza mtu, "Samahani Mama Neema, malizia" inatosha. Maelezo marefu ya kwa nini ulikatiza nayo ni kukatiza.

Na meseji za kundi la WhatsApp la ofisini?

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Unasoma, unajibu kimoyomoyo, unaendelea na shughuli, kesho yake unaambiwa una dharau. Tuma japo "Nimeipata, nitajibu kabla ya saa tisa," na utege kengele ya simu saa hiyohiyo. Ukitumiwa ujumbe mrefu wa sauti, omba mambo makuu kwa maandishi.

Ujumbe wa lawama ndio wa hatari, maana hasira hupanda haraka. Usiandikie jibu ndani ya WhatsApp. Liandike kwenye programu ya simu ya kuandikia kumbukumbu (Notes), ambako kidole hakiwezi kuteleza likaenda, ulisome tena baada ya chakula cha mchana.

Nimwambie bosi kuwa nina ADHD?

Hulazimiki, na si kila ofisi italipokea vizuri. Omba unachohitaji bila kutaja hali yenyewe: "Naomba unitumie na kwa maandishi, nisije nikasahau."

Nitajuaje kama ni ADHD kweli?

Hakuna kipimo cha damu cha kuitambua. Daktari wa magonjwa ya akili atakuuliza sana kuhusu utoto wako, kwa sababu dalili kadhaa lazima ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na ziwe zinakusumbua hata nyumbani, si kazini pekee. Kama umeanza kusahau mwaka huu tu, chunguza kwanza usingizi, sonona, wasiwasi na tezi ya shingo (thyroid).

Dawa zipo, kama methilifenideti, na huwasaidia wengi kuongeza umakini, ingawa kazi ya kuandika maagizo inabaki kuwa yako. Usimeze za rafiki: zinaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, ndiyo maana daktari huvipima kabla ya kukuanzishia.